Binti yangu anataka kuwa daktari wa wanyamapori: aanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Binti yangu anasubiri matokeo ya kidato cha nne, na tangu skuli yao ilipowapeleka Kidike kuwaangalia popo hana jengine analolisema ila kuwa daktari wa wanyamapori. Ndugu zangu wananiambia kuwa visiwa hivi havina simba wala tembo, na kwamba ni afadhali asome udaktari wa watu. Asome nini, wapi, na kwa miaka mingapi? Je, chuo cha Mweka au Kizimbani hakitoshi? Akimaliza atapata kazi hapa nyumbani? Na mama yake anauliza kama kazi hii haina hatari.

Jibu: Assalaamu alaykum, Mwalimu. Nitaanza na hilo la ndugu zako, kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Wanaposema hatuna simba wala tembo wanasema kweli, lakini daktari wa wanyamapori wanamfikiria kuwa ni mtu anayempiga tembo mshale wa dawa ya usingizi, akamtoa mtego wa waya mguuni na kumwacha aende zake. Kazi hiyo ipo, na huko Bara madaktari wa TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, na wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, yaani TAWIRI, huifanya kwa ustadi mkubwa. Ila hiyo ni sehemu ndogo ya fani, ingawa ndiyo inayopigwa picha. Sehemu kubwa ni kuyafuatilia maradhi katika makundi: yameanzia wapi, yanapita njia gani baina ya mnyama wa mwituni, mnyama wa kufugwa na binadamu, na njia hiyo inaweza kukatwa mahali gani. Ukiitazama kazi kwa namna hiyo utaona kwamba Zanzibar, ambako msitu, banda la ng'ombe na nyumba ya mtu vinapakana, si mahali pa kuidharau.

Mfano ulio wazi zaidi uko Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa huko walikuwa takriban robo milioni, na ndama wao walikuwa wakifa kwa sotoka, ugonjwa wa virusi unaowapata ng'ombe na wanyama wa jamii yao. Hakuna aliyewachanja nyumbu, wala hilo lisingewezekana. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji walioizunguka hifadhi, sotoka ikakosa pa kujificha, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamezidi milioni moja. Ugonjwa huo ulionekana kwa mara ya mwisho duniani mwaka 2001, kwa nyati wa Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 ukatangazwa kuwa umetokomezwa kabisa. Mwaka 1994 mambo yalikwenda upande mwengine: kirusi cha distempa, ambacho kwa kawaida huwapata mbwa, kiliwaingia simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi yao. Katika visa vyote viwili, aliyetaka kumsaidia mnyama wa porini ilimbidi aende kwenye boma la mfugaji.

Na kwetu ni vivyo hivyo. Wazee wa Unguja wanaikumbuka nagana iliyokuwa ikiwakondesha ng'ombe, ikienezwa na mbung'o waliokuwa na ngome yao ya mwisho katika msitu wa Jozani. Kati ya mwaka 1994 na 1997 madume wa mbung'o waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, majike wakapandwa bila ya kuzaa, na mbung'o wa mwisho wa asili akanaswa Septemba 1996. Pemba yenu haikuwa na mbung'o, lakini ilikuwa na kichaa cha mbwa, ambacho kampeni za chanjo zilikikata mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, kisha kikakatwa tena kwa kuchanja mbwa na kumfuatilia kila aliyeumwa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, watu 9 wakiwemo watoto 8 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, ambayo huweza kuwa na sumu isiyoharibika hata ikipikwa vipi. Kila moja kati ya mambo haya lilihitaji mtu anayemjua mnyama na anayeyajua maradhi kwa pamoja.

Hao popo wa Kidike nao wana darsa lao. Popo wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani kwenu. Uwindaji na ukataji wa miti ulikuwa umempunguza vibaya kabla ya vijiji kuanza kumlinda, na sasa idadi yake imerudi kupindukia 20,000. Popo wakubwa wa jamii yake huko Asia ndio walioleta kirusi hatari cha Nipah kwa nguruwe na kwa watu wa Malaysia mwaka 1998 na 1999. Hiyo haina maana kwamba popo wa Pemba ni wagonjwa, na mtu asiyejua akilitangaza jambo hili barazani anaweza kuwarudishia watu mishale na marungu mikononi. Maana yake ni kwamba panahitajika mtu wa kulichunguza kwa utulivu: wataalamu hutandika nailoni chini ya miti alfajiri, popo wanaporudi kulala, wakakusanya matone ya mkojo na kuyapima maabara bila ya kumgusa mnyama hata mmoja. Kama binti yako aliwaona popo akatamani kuwashika, mwambie kwamba daktari bora ni yule anayepata jibu bila ya kushika.

Sasa njia yenyewe. Ushauri wangu wa kwanza unaweza usimpendeze: asitafute kusomea wanyamapori mapema. Kwanza awe daktari kamili wa wanyama, yaani yule ambaye watu wetu humwita daktari wa ng'ombe, na wanyamapori waje baadaye. Hakuna njia ya mkato inayomfikisha mtu kwenye udaktari wa wanyamapori bila ya kupitia shahada ya udaktari wa wanyama, kwa sababu wenye mamlaka ya kuagiza dawa za usingizi, kufanya upasuaji na kutia saini taarifa ya ugonjwa ni madaktari waliosajiliwa.

Kwa hiyo kidato cha tano na cha sita achukue Fizikia, Kemia na Baiolojia, ile tahasusi ya PCB. Zipo tahasusi nyengine zenye Kemia na Baiolojia ambazo huweza kukubaliwa, na vigezo vya kila mwaka vimo katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambao ni vyema mkausoma wenyewe kuliko kuusikia kwa watu. Mimi napendelea PCB kwa sababu ya kifamilia zaidi kuliko ya kitaaluma: inauacha wazi mlango wa udaktari wa watu, na ndugu zako watapata pa kupumzikia kwa miaka miwili huku binti akijipima mwenyewe. Masomo yanayoamua ni Kemia na Baiolojia. Hisabati asiitupe hata kama haimo katika tahasusi yake, na sababu yake nitaieleza mbele.

Chuo cha kukilenga ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichopo Morogoro. Udaktari wa wanyama ulianza kufundishwa hapo mwaka 1976, pale palipokuwa bado ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na SUA yenyewe ikazaliwa mwaka 1984. Shahada ni ya miaka mitano. Nairobi na Makerere pia wanafundisha vizuri, lakini kwa Mtanzania gharama ya Morogoro ni nafuu zaidi, na maombi ya mkopo wa elimu ya juu hayana usumbufu wa mipaka. Miaka ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia na biokemia, na wengi huchoka hapo kwa kuwa hawajamwona mnyama mzima ila aliyekwisha kukatwa vipande. Kisha huja patholojia, yaani elimu ya namna ugonjwa unavyouharibu mwili, vimelea, bakteria na virusi, na elimu ya dawa. Mwishoni ndipo kliniki, upasuaji, uzazi wa mifugo na ukaguzi wa nyama. Wanyamapori watakuwa sehemu ndogo tu ya mtaala. Asinung'unike.

Nasema asinung'unike kwa sababu wanyama anaowatamani hutibiwa kwa elimu ya wanyama anaowadharau. Mchukue kima punju, kima wetu mwekundu ambaye hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilionesha kuwa ni zaidi ya 5,800, karibu wote wakiwa Unguja, mbali na kikundi kidogo kilichopelekwa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Kima huyu anakula majani, na tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huyachachua majani hayo, kama ilivyo kwa ng'ombe. Daktari anayemjua kima kama nyani mdogo tu akimpa dawa ya kuua bakteria kwa mdomo anaweza kuwaua bakteria wanaomlisha, na mnyama akafa kwa njaa akiwa ameshiba. Daktari aliyewahi kuhangaika usiku na ng'ombe aliyevimbiwa hataambiwa hilo mara mbili. Wale wa Jozani wana tabia nyengine inayostahili kusomwa, ya kula makaa ya miti iliyochomwa, na maelezo yanayokubalika ni kwamba makaa hunasa sumu zilizomo katika majani ya miembe na mikungu wanayoyala mashambani mwa watu. Wataalamu wa sumu hutoa makaa hospitalini kwa sababu iyo hiyo. Kima ameyafikia bila ya kwenda Morogoro.

Ama paa nunga, paa wetu adimu wa misitu inayoota juu ya mawe ya matumbawe, yeye atamfundisha binti yako kwamba kukamata ni tiba yenye hatari kuliko maradhi mengi. Paa akikimbizwa na kushikwa kwa fujo, misuli yake hujiharibu kwa hofu na juhudi, taka za misuli hiyo humiminika kwenye damu, figo zikashindwa, na mnyama aliyeachiwa akiwa mzima hufa siku chache baadaye pasipo mtu kumwona. Paa nunga walihamishiwa kisiwa cha Chumbe ili wapate pahala pa usalama, na uhamishaji wa aina hiyo huhitaji mtu anayejua kufunika macho, kupunguza kelele, kupoza mwili na kumaliza kazi kwa dakika chache. Mambo hayo hujifunza kwanza kwa mbuzi.

Wakati wa likizo za chuo asikae bure. Aombe kujitolea katika maabara ya mifugo ya Maruhubi, au aandamane na maafisa wa mifugo wa wilaya yenu wanapochanja mbwa na kutibu ng'ombe. Aende Ngezi na Jozani kwa watu wa misitu, aulize mizoga inayookotwa hupelekwa wapi na nani huipasua. Mzoga ni kitabu. Mwezi wa Aprili mwaka 2006 zaidi ya pomboo 400 walikwama na kufa katika fukwe za kaskazini ya Unguja, karibu na Nungwi na Kendwa, na katika shughuli kama ile kinachotakiwa ni mikono mingi iliyofunzwa kupasua, kuchukua sampuli na kuandika kila kinachoonekana kabla jua halijaviharibu. Mwanafunzi aliyezoea kufanya uchunguzi wa mzoga kwa utaratibu ana thamani kuliko mwenye picha nyingi na wanyama walio hai.

Akishahitimu, atajisajili. Bara kuna Baraza la Veterinari linalofanya kazi chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Mifugo si jambo la Muungano, kwa hiyo akitaka kufanya kazi Zanzibar atafuata taratibu za Serikali ya Mapinduzi kupitia wizara yenye dhamana ya mifugo. Baada ya hapo ningependa afanye kazi ya kawaida ya udaktari wa wanyama kwa miaka miwili au mitatu. Hapo ndipo mkono hupata uzito, na ndipo mtu hujifunza kuzungumza na mfugaji ambaye ng'ombe wake amekufa na anaamini amerogwa.

Shahada ya pili ndiyo mahali pa kugeukia wanyamapori. Chuo Kikuu cha Nairobi kina masomo ya afya ya wanyamapori. Pretoria, Afrika Kusini, ni mashuhuri kwa ukamataji na usafirishaji wa wanyama wakubwa. Na London, Chuo cha Kifalme cha Veterinari kwa pamoja na Jumuiya ya Zoolojia wamekuwa wakifundisha shahada ya uzamili ya afya ya wanyama wa mwituni tangu miaka ya 1990. SUA nako kuna masomo ya uzamili yanayofuata mwelekeo wa Afya Moja, unaoutazama uzima wa watu, wanyama na mazingira kuwa ni jambo moja. Kama ataniuliza mimi achague lipi, nitamwambia achague epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa maradhi katika makundi, au patholojia, kabla ya kuchagua bunduki ya ganzi. Hapa ndipo Hisabati inapodai deni lake, kwa kuwa ugonjwa katika kundi hauonekani kwa jicho. Huonekana kwa takwimu, kwa ramani na kwa sampuli zilizochaguliwa kwa hesabu. Jumla yake, kuanzia kidato cha tano hadi kumaliza uzamili pamoja na miaka ya kazi katikati, ni miaka kumi na zaidi. Ni mingi. Udaktari bingwa wa watu nao hauchukui michache.

Kuhusu Mweka na Kizimbani nitasema kwa ufupi. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 chini ya Kilimanjaro, ni chuo cha heshima kubwa, lakini kinafundisha usimamizi wa wanyamapori, si utabibu wao; mhitimu wake atakuwa mhifadhi, na hatoweza kutibu. Kizimbani, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, pamoja na vyuo vya mafunzo ya mifugo vya LITA vya Bara, hutoa wataalamu wa ngazi ya kati wanaofanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Ikiwa matokeo ya kidato cha nne hayatotosha kwa kidato cha tano, stashahada ya afya ya mifugo ni mlango mwengine wa halali, na wapo waliopanda kutoka hapo hadi shahada, ila njia huwa ndefu zaidi na inataka ufaulu mzuri wa stashahada yenyewe.

Kazi nyumbani: hapa sitaki kukupamba. Nafasi yenye jina la daktari wa wanyamapori ni nadra katika visiwa vyetu, na akisubiri litangazwe tangazo la namna hiyo atasubiri sana. Anayefanya kazi hii hapa huajiriwa kwa jina jengine, ama katika mifugo, ama katika utafiti, ama chuoni, ama katika mradi wa hifadhi, kisha akajijengea kazi ya wanyamapori ndani yake kwa kuwa ndiye anayeitwa kila pakitokea kasa aliyekwama, kima aliyegongwa na gari katika barabara ya Jozani au paka shume anayedhaniwa ana kichaa. Mimi nauona huu kuwa ni upungufu wa mipango yetu, kwa sababu idara ya misitu, ya uvuvi na ya mifugo kila moja ina kipande cha mnyama mmoja. Bara nafasi ni nyingi zaidi, TANAPA, TAWIRI, Ngorongoro na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na ushindani wake ni mkali. Kwa hiyo ajiandae kuishi Bara kwa muda, nawe ujiandae kumruhusu. Mganda Gladys Kalema-Zikusoka, aliyeanza kazi mwaka 1996 akiwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mamlaka ya hifadhi za nchi yake, alikutana na sokwe wakubwa wa Bwindi, yaani masokwe wa milimani, wakiwa na upele uliotoka kwa watu wa vijiji vya jirani. Mwaka 2003 akaanzisha asasi inayoshughulikia afya ya wanavijiji hao sambamba na ya masokwe. Nafasi hiyo haikuwa imetangazwa popote kabla yake, na mwanamke ndiye aliyeiunda.

Nimalizie na swali la mama yake, ambalo ni la haki. Hatari zipo, na si zile za kuliwa na simba. Dawa ya etofini inayotumika kumlaza tembo au faru ina nguvu zaidi ya mara elfu moja kuliko mofini, ile dawa kali ya maumivu ya hospitalini, na tone likiingia mwilini mwa daktari kwa mchubuko linaweza kumuua. Ndiyo sababu haibebwi bila ya dawa ya kuitengua na bila ya mtu wa pili aliyefunzwa kuitumia kwa mwenzake. Kuna kimeta kwa anayepasua mzoga ambao hakutakiwa kuupasua, kuna homa ya Bonde la Ufa kwa anayemzalisha ng'ombe bila ya glovu, na kuna kung'atwa. Kinga zake zinajulikana na zinafundishwa, na ajali nyingi humpata aliyeharakisha. Kuna hatari nyengine inayokwenda kinyume, nayo ni mafua ya mtu kumwambukiza kima, hivyo barakoa na umbali vitakuwa sehemu ya mavazi yake Jozani hata siku anayojihisi mzima. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya kujikinga kabla ya kuumwa ni muhimu kwake kuliko kwa wanafunzi wengine wote wa umri wake. Aipate mara atakapoanza masomo, kabla hajamshika mbwa wa kwanza wa kliniki, na kadi yake aitunze pamoja na vyeti.